Mashine Isiyotaka Kuamka

Baba aliitoa ile mashine kwenye mkoba wangu kwa vidole viwili, kama mtu anayetoa panya kwenye mtungi wa maji ya kunywa.

"Hii nini?"

Nilikuwa nimekaa mahali pangu pa siku zote, kwenye meza ya dirishani, bisibisi mkononi. Kijiti kimoja cha kuongozea nilikuwa nimeshakikaza, kingine bado. Nikainamisha kichwa nikajifanya naitafuta skrubu iliyokuwa mbele ya macho yangu.

"Nimeuliza, hii nini?"

"Mashine, Baba."

"Umesemaje?"

Kila mtu huniuliza hivyo nikisema neno. Sauti yangu haifiki mbali, ndiyo maana mtaa mzima wananiita Kimya.

"Mashine," nikarudia.

"Naona ni mashine, sikudhani ni sufuria! Ya nani?"

Hakuhitaji jibu. Alama ya karakana ya ng'ambo ya barabara ilikuwa imechongwa nyuma yake, kubwa, bila haya.

Shangazi, dada yake Baba, alikuwa kwenye kona anafunga maboksi kwa gundi ya karatasi. Alikohoa kile kikohozi chake cha kumwombea mtu msamaha.

"Kaka, mwache mtoto apumue."

"Apumue tu. Nimemziba pua?"

Kwetu tunatengeneza kompyuta ndogo za michezo, zile za kushika kwa mikono miwili: skrini katikati, vitufe pembeni, vijiti viwili chini ya vidole gumba. Baba anaunganisha bodi na kupakia mfumo, Shangazi anauza na kufunga, mimi nafunga vijiti na vitufe na kuvijaribu. Ndani yake zinaendeshwa na Linux. Huo ni mfumo usio na mwenyewe mmoja. Watu wa kila pembe ya dunia wanaujenga, kila mtu anaongeza tofali lake, na yeyote anaruhusiwa kuuchukua na kuutumia na kuurekebisha, mradi naye asiwafungie wenzake mlango. Alama yake ni ndege pengwini, mnene, ametulia, kama aliyeshiba.

Mashine ya kwanza Baba aliiunda pamoja na rafiki yake, mzee ambaye huvaa miwani juu ya paji la uso kisha akaitafuta nyumba nzima. Mzee Miwani. Walikuwa kama chanda na pete. Halafu wakagombana kuhusu skrini. Baba alitaka kubwa, mwenzake akataka ndogo ili betri idumu. Watu hugombana kwa mashamba, hao waligombana kwa upana wa kidole kimoja cha kioo. Mzee Miwani akabeba vifaa vyake akavuka barabara, akafungua karakana yake ikitazamana na yetu. Toka hapo, wao wakitoa mashine nyekundu, sisi tunatoa nyekundu zaidi. Shangazi huwaambia, "Huko duniani makampuni makubwa yanauza vitu hivi kama karanga. Nyinyi wawili mnagombea makombo na bado mnataka kutoana macho."

Na Mzee Miwani ana mpwa wake, ndiye anayemwandikia programu. Kwenye mkoba wake kuna picha ya yule ndege, na akitembea vidole vya miguu vinatazama pembeni. Wanamwita Pengwini. Wanadhani ni kwa sababu ya picha. Mimi najua ni kwa sababu ya miguu, maana nimemtazama akija mara nyingi kuliko mtu yeyote.

"Ni ya yule Pengwini," alisema Baba.

Nikarudi kwenye skrubu yangu.

"Leo! Katika siku zote, leo! Alasiri Mama Maduka anakuja. Anapita kwao kwanza, kisha anakuja kwetu, na atachagua mashine moja ya kuweka kwenye maduka yake yote. Na binti yangu mwenyewe anatembea na mashine ya ng'ambo kwenye mkoba, pamoja na kitana!"

"Alinipa niichezee tu, Baba."

"Umesemaje?"

"Amesema alipewa aichezee," Shangazi akamsaidia.

"Mashine ni hii hapa!" Baba akachomoa chaja kwenye mashine yetu iliyokuwa imelala mezani, akainyanyua juu. "Hii ndiyo ya kuchezea! Tazama skrini hiyo!"

Akabonyeza kitufe cha kuiamsha. Skrini ikabaki nyeusi. Akabonyeza tena. Akakishika kitufe muda mrefu, uso ukimkunjamana. Nyeusi tii.

Huo ndio ulikuwa ugonjwa wetu, na ulikuwa unamla Baba. Raha ya mashine hizi ni kwamba unabonyeza kitufe inalala, mchezo unakungoja pale pale ulipouacha, unabonyeza tena inaamka. Za kwetu zilianza kulala usingizi wa pono. Si kila mara. Wakati mwingine zinaamka, wakati mwingine mpaka uzizime na kuziwasha upya, na mchezo wote unapotea. Baba alisema ni bodi mbovu, akazichukua zote kwenye meza yake, akanikataza kuzigusa.

"Mama Maduka akija nitahakikisha hailali," alisema, akiirudisha mezani taratibu, kama mtu aliyeumbuliwa na mwanawe mbele ya wageni.

"Utaiimbia?" Shangazi akauliza.

Baba hakucheka. Akanisogelea, akaniwekea mashine ya Pengwini mapajani. Sauti yake ilishuka, na Baba akishusha sauti mimi huogopa zaidi.

"Mwanangu, sikuchukii. Lakini yule kijana anapitia kwako kuniingia mimi. Irudishe sasa hivi. Na umwambie kwa kinywa chako kwamba yamekwisha. Nisikuone tena kwenye njia ya nyuma. Umenielewa?"

Nikatikisa kichwa kukubali. Ndani ya moyo nilikuwa napiga kelele. Hajawahi kuniuliza chochote kuhusu kazi yako, Baba. Huniuliza kama nimekula.

*

Nyuma ya karakana yetu kuna uchochoro, na kwenye uchochoro kuna dobi anayefua mashuka ya nyumba za wageni. Yanapoanikwa, yanakuwa kama kuta nyeupe zinazotembea. Hapo ndipo tulipojuana mimi na Pengwini.

Siku ile nilikuwa nimekwenda kuchukua shuka letu. Yeye alikuwa amekaa kwenye ndoo iliyofunikwa, anangoja mashati, mashine mkononi, anaibonyeza na kunung'unika. Haikuamka. Mimi nilijua kwa nini, maana za kwetu zilikuwa na tabia ile ile. Bodi tunanunua mahali pamoja. Sijui ni nani aliyenipa ujasiri. Labda ni shuka lililokuwa kati yetu.

"Umechomoa chaja ikiwa imelala," nilisema.

Hakuuliza nimesemaje. Alisikia mara ya kwanza. Aliinua kichwa, akalisogeza shuka kwa mkono, akanitazama kama mtu aliyeitwa kwa jina lake katika nchi ya ugeni.

Alikwenda akaushughulikia ugonjwa huo. Aliporudi alisema, "Ulisema kweli. Nimepata dawa, mistari michache tu ya programu. Nisaidie kujaribu." Nikajaribu kwenye mashine yake, na kwenye moja yetu niliyokwenda nayo kwenye kikapu, nikizilaza na kuziamsha, chaja ndani, chaja nje, mpaka dobi akatuuliza kama tunalea watoto. Zote zikaamka.

"Jina lako nani?" aliniuliza.

"Kimya."

"La kweli. Kwenye kazi hii, aliyegundua ugonjwa anaandikwa, na aliyejaribu dawa anaandikwa. Ndiyo desturi yetu. Mimi nimeandika dawa tu, hayo mawili umefanya wewe."

Nilimtajia, kwa sauti ya chini kuliko zote. Akaliandika, akaitoa dawa ile hadharani kwa kila anayetumia bodi kama zetu, popote alipo. Baba naye akaipata pamoja na matofali ya watu wengine, akaipakia bila kujua. Mimi niliacha shule darasa la tano, Mama alipougua, kabla hajatutoka. Baada ya hapo jina langu lilikuwa halijaandikwa popote. Sikumwambia mtu. Nilikaa na jambo hilo kama mtu anayekaa na peremende shavuni.

Leo mashuka yalikuwa yameanikwa, na miguu ya Pengwini niliiona chini yake kabla sijamwona yeye.

"Nilidhani hutakuja, na leo ndiyo siku yenyewe," alisema.

Nikamnyooshea mashine yake. Hakuipokea.

"Baba ameiona."

"Ah."

"Amesema nikwambie yamekwisha."

Tone la maji lilianguka kutoka kwenye shuka likatua begani mwake, likaenea kwenye shati, na mimi nikabaki kulitazama lile tone kwa sababu macho yake yalinishinda.

"Na wewe unasemaje?"

"Mimi sijasema."

"Hujasema kwamba yamekwisha, au hujasema kwamba hayajaisha?"

"Sijasema tu."

Akacheka, lakini cheko lenyewe halikufika machoni. "Kimya wangu. Basi ngoja nikwambie mimi. Nimezungumza na mjomba. Nataka tuje kwenu, tuongee na baba yako kama watu."

"Mjomba wako na Baba? Chumba kimoja? Watagombania upana wa kochi."

"Waache wagombane. Wakichoka watanisikiliza."

"Atakufukuza."

"Nitavaa shati la mikono mirefu."

"Atakufukuza na shati lako."

Safari hii tulicheka wote, na baada ya kicheko nikasikia machozi yanapanda, kwa sababu nilijua kwamba kicheko hiki ndicho nilichotumwa nikikate. Akaona. Aliutoa mkono, akaushika ukingo wa shuka karibu na mkono wangu, bila kunigusa. Vidole vyetu vilikuwa vimeshika kitambaa kimoja chenye maji.

"Sitaki kuingia kwa baba yako kupitia kwako," alisema. "Nataka kuingia kwako kupitia kwa baba yako. Mwambie hivyo."

"Leo hasikii kitu. Mashine zimemtia wazimu. Zikilala haziamki. Asubuhi alichomoa chaja atuonyeshe skrini, akabonyeza, ikawa kama..."

Nikasita mwenyewe. Na yeye alikuwa amesita.

"Alichomoa chaja," alisema polepole, "ikiwa imelala?"

"Ndiyo."

"Huo si ugonjwa mpya."

"Lakini ulipona. Niliona kwa macho yangu unapona."

"Ulipona. Ulianza tena lini?"

Nikafikiri. Baba alikuwa amenikataza kuzigusa, sikuwahi kukaa nikaufikiria. Sasa siku zikarudi moja moja kichwani mwangu, na nikasikia uso wangu unapata moto.

"Tangu siku ile alipotukuta hapa. Ulipokuwa umenibebea kikapu. Alirudi ndani, akakaa kwenye kompyuta, akasema... akasema hataki mkono wa kijana yule ndani ya mashine yake hata kidogo."

Pengwini alijiziba mdomo kwa kiganja. Mabega yakaanza kumtetemeka.

"Usicheke!"

"Sicheki. Ametafuta jina langu, akafuta kila kilichoandikwa na mimi. Hakusoma ni nini."

"Pamoja na dawa?"

"Pamoja na dawa. Mwambie aichukue tena. Iko pale pale hadharani, haijaenda popote."

Nilimtazama. "Leo mnashindana. Mjomba wako atasemaje?"

"Ataniita mpumbavu kwanza, halafu atatafuta miwani yake." Kisha akaacha mzaha. "Leo sijampa baba yako kitu. Nilikitoa kwa kila mtu, zamani. Mjomba mwenyewe anapakua kwenye chungu hicho hicho. Akitaka kumshinda baba yako amshinde kwa mashine, si kwa kufunika chungu."

"Kwa hiyo si kwa ajili yangu."

"Hapana. Hilo ni la kila mtu." Hapo akanitazama, nami sikuangalia pembeni. "Ya kwako ni mengine. Ya kwako nitahitaji maisha marefu."

Moyo wangu ulifanya kitu ambacho sina neno lake. Lakini chini ya furaha ile kulikuwa na jiwe. Baba akiichukua ile dawa, safari hii ataisoma, maana mtu akishaumwa na nyoka hukagua hata kamba. Na akiisoma atakuta jina langu. Atajua kwamba kabla ya kikapu, kabla ya mashine kwenye mkoba, nilikuwa nimeshafanya kazi pamoja na kijana wa ng'ambo, nimebeba hadi mashine yetu kwenye kikapu, na sikumwambia. Nikinyamaza, Mama Maduka atakuja, mashine italala, na Baba ataaibika. Nikisema, nitampoteza Pengwini na pengine nimpoteze Baba pia.

"Ndani yake kuna jina langu," nilimwambia.

"Najua. Kama unaogopa, usiseme. Nitatafuta njia nyingine."

"Njia ipi?"

Akalitazama shuka kana kwamba limeandikwa. Nikaivuta mashine yake kifuani nikaikumbatia. Kuirudisha sikuirudisha.

*

Baba alikuwa amevaa shati lake jeupe la kupokelea wageni na alikuwa anaifuta meza kwa mara nyingine. Mashine yetu ilikuwa katikati ya kitambaa, imewashwa, na Shangazi alikuwa amekaa mbele yake anaibonyeza kila mara isije ikasinzia.

"Umemwambia?" Baba aliuliza bila kugeuka.

"Hapana, Baba."

"Umesemaje?"

Nikavuta pumzi. "Nimesema hapana. Sikumwambia kwamba yamekwisha, kwa sababu hayajaisha. Na nimejua kwa nini mashine haiamki."

Roli la gundi ya karatasi liliponyoka mkononi mwa Shangazi, likabingirika hadi mlangoni. Baba akageuka taratibu.

"Amekutuma."

"Hajanituma. Baba, naomba usikasirike mpaka nimalize, kwa sababu nikikatizwa sitaweza kuanza tena." Sauti ilikuwa inatetemeka, lakini ilikuwa inatoka. "Zamani zilikuwa na ugonjwa huu huu. Ukichomoa chaja zikiwa zimelala, haziamki. Yeye aliupatia dawa, akaitoa kwa wote, na sisi tukaipata. Siku ile ulipotukuta kwa dobi, ulifuta kazi yake yote. Ukafuta na dawa."

Kimya kilichofuata hakikuwa changu.

Wa kwanza kucheka alikuwa Shangazi. Alianza chini, kama sufuria inayoanza kuchemka, kisha akashika meza kwa mikono miwili. "Kaka! Umeng'oa mlango kwa sababu fundi wake humpendi, halafu unakaa unashangaa mbu wanapitia wapi!"

"Nyamaza wewe!"

"Nanyamaza. Lakini mbu hao, kaka!"

Baba alikaa kwenye kompyuta yake. Aliichukua ile kazi ya Pengwini kutoka kule ilikokuwa, akaifungua, na akaanza kuisoma mstari kwa mstari, midomo ikitembea. Nilisimama nyuma yake. Niliona anapofika. Mgongo wake uliacha kusogea.

"Aliyegundua," alisoma. Akasoma jina langu lote, lile la kwenye cheti cha kuzaliwa, ambalo lilichaguliwa na Mama. "Aliyejaribu." Akalisoma tena. "Kuna mtu mwingine mwenye jina hili?"

"Ni mimi, Baba."

"Wewe? Humu ndani ya Linux?"

"Ndiyo."

"Mtu wa mbali huko, asiyetujua, akifungua anaona?"

"Akitaka, anaona."

Nilingoja radi. Baba alivua miwani yake, akaipangusa kwa ncha ya shati jeupe, akaivaa, akasoma tena. Aliponigeukia, macho yake yalikuwa yamelowa na alikuwa anajaribu kunionyesha kwamba hayajalowa.

"Mama yako alilikataa kila jina nililoleta," alisema. "Alitaka hili. Alisema litakwenda mbali. Nilikuwa namtoa yule kijana. Kumbe nilikutoa na wewe."

"Hukujua."

"Sikusoma. Mtu mzima, nafuta kitu bila kusoma." Akaelekeza kidole kwenye skrini, karibu na jina langu lakini bila kuligusa. "Mbona hukuniambia?"

"Niliogopa."

"Mimi?"

Nikaitazama sakafu. Baba alitikisa kichwa kwa muda mrefu. Kisha akairudisha ile dawa mahali pake, akaipakia kwenye mashine, akailaza, na akaniambia, "Ichomoe wewe chaja."

Nikaichomoa. Tukangoja. "Bonyeza."

Skrini ikajaa mwanga, na mpanda farasi wa kwenye mchezo akaendelea na safari yake kana kwamba hajawahi kusimama. Shangazi akapiga kigelegele kilichosikika ng'ambo.

*

Mama Maduka alikuwa mwanamke mpana, mwenye mkoba mkubwa na goti baya. Alitoka kwa Mzee Miwani moja kwa moja akaja kwetu. Alicheza kidogo, akasifu skrini, na Baba akavimba kama mkate. Kisha bila kuomba ruhusa akailaza mashine, akaichomoa kwenye chaja, akaitumbukiza kwenye mkoba wake katikati ya funguo na vitambaa, akanywa chai, akatueleza habari zote za goti. Baba alikuwa anamtikisia kichwa lakini macho yalikuwa kwenye mkoba.

Hatimaye akaitoa, akabonyeza. Ikaamka.

"Vizuri," alisema. "Nyingi nilizoletewa na wengine zinafia humo mkobani. Ya jirani yako nayo imeamka. Hili la kuamka mmelitengeneza wenyewe?"

Nilimwona Baba anafungua mdomo. Angeweza kusema ndiyo. Nani angemkatalia? Alitazama dirishani, ng'ambo ya barabara, kisha akanitazama mimi.

"Hapana. Hiyo ni kazi ya kijana wa kule. Aliyegundua tatizo na kuijaribu dawa ni binti yangu huyu. Wameandikwa wote wawili."

"Kumbe!" Mama Maduka akanigeukia, akanipima toka juu hadi chini kama mtu anayepima bei. "Basi mbona mnanichosha na kunichagulisha? Nitachukua chache kwako na chache kwake, niziweke rafu moja. Wateja ndio watakaoamua nani nirudi kwake."

"Rafu moja?" Baba alishtuka. "Basi yangu iwe upande wa kulia."

"Na mwenzako kaniomba, popote nitakapoiweka yake, iwe upande wa kulia."

Alipoondoka, Baba alisimama mlangoni mikono nyuma. Kwenye mlango wa ng'ambo Pengwini naye alikuwa amesimama, hajui aingie ndani au abaki.

"We kijana!" Baba aliita. Mtaa mzima uligeuka. "Njoo hapa!"

Alikuja, vidole vya miguu vikitazama pembeni, akasimama chini ya kizingiti, na nikaona kwamba amebadilisha shati. La mikono mirefu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Una kazi nyingine ndani ya mashine yangu?"

"Zilikuwa nyingi, mzee. Ulizifuta."

"Nitazirudisha. Nikishazisoma." Baba akakohoa. "Mjomba wako bado anaamini skrini ndogo ndiyo bora?"

"Bado, mzee."

"Kichwa maji. Mwambie aje Jumapili nimwonyeshe kosa lake. Na wewe uje naye, maana nasikia una maneno." Alimwonyesha kidole. "Lakini mpite mlango huu wa mbele. Yule dobi kaja kwangu mara ngapi, mashuka yake yamejaa alama za vidole!"

Shangazi akajikausha uso kwa upindo wa khanga, anacheka au analia, sijui. Pengwini hakusogea. Alikuwa ananitazama mimi, juu ya bega la Baba, kama siku ile aliposogeza shuka.

"Karibu," nilimwambia.

Na hakuna aliyeuliza nimesemaje.